Neno la Daktari katika Rufani ya Askari

Askari wa Marekani aliyeumia au kuugua akiwa katika utumishi ana haki ya kulipwa fidia kila mwezi, hata baada ya kuvua sare, maadamu ulemavu wake ungalipo. Ulemavu huo hupimwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, ukipanda kwa kumi kumi. Wa kwanza kuamua ni maofisa wa Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani. Asiyeridhika na uamuzi wao hukata rufani, na mara nyingi rufani hiyo husimama au kuanguka kwa aya chache zilizoandikwa na daktari ambaye pengine alimwona mwombaji mara moja tu.

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa, kwamba lipo tukio, jeraha au ugonjwa uliompata jeshini, na kwamba la kwanza limetokana na la pili. Ulemavu huonekana kwa vipimo. Tukio hutafutwa katika kumbukumbu za jeshi na katika maelezo ya askari mwenyewe. Uhusiano kati ya hayo mawili hauonekani kwa macho wala kwa picha ya eksirei, na ndiyo maana daktari huitwa.

Swali analoulizwa daktari huyo si lile alilozoea wodini. Haambiwi atoe hakika. Anaulizwa kama uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi unafikia angalau nusu kwa nusu. Sheria inaagiza kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka iliyobaki imfae askari. Mwaka 1990, katika shauri la Gilbert, mahakama ilifananisha kanuni hiyo na mchezo wa besiboli wa watoto mitaani: mpira na mkimbiaji wakifika kwa pamoja, mkimbiaji ndiye hupewa ushindi. Katika madai ya kawaida ya kiraia, anayedai hushindwa mizani ikikaa sawasawa, hapa hushinda.

Mfano wa masikio unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa mlio usiokoma masikioni ndio ulemavu unaolipiwa fidia kwa askari wengi kuliko mwingine wowote. Tuseme mtu alihudumu kwenye mizinga kwa miaka minne. Siku ya kuondoka jeshini alipimwa usikivu, na matokeo yakawa ya kawaida. Miaka ishirini baadaye hasikii vizuri. Daktari wa uchunguzi anaandika kwamba kipimo cha kuondoka kilikuwa cha kawaida, hivyo upotevu wa usikivu hautokani na utumishi. Sentensi hiyo ina sura ya hoja, lakini haitoshi. Tangu shauri la Hensley la mwaka 1993, mahakama imeshikilia kwamba kipimo cha kawaida siku ya kuondoka hakimzuii askari kuthibitisha baadaye kwamba tatizo lake lilianzia jeshini. Daktari anaweza bado kufikia jibu lilelile la hapana, na pengine sayansi iko upande wake. Analodaiwa ni kueleza: je, namba za usikivu zilihama kati ya kipimo cha kuingia na cha kutoka, hata kama zote zilibaki ndani ya kiwango? Baada ya jeshi mtu huyu alifanya kazi gani? Umri una sehemu gani?

Mwaka 2008, katika shauri la Nieves-Rodriguez, mahakama ilisema wazi kwamba uzito wa maoni ya daktari umo katika hoja zake. Kulisoma faili lote hakutoshi, wala cheo kirefu hakitoshi. Hata daktari aliyemtibu mgonjwa kwa miaka mingi hapewi kipaumbele kwa sababu hiyo pekee; barua yake isiyo na maelezo hupimwa kwa uzani uleule. Na anayejenga maoni yake juu ya historia isiyo sahihi amejenga juu ya mchanga.

Kwa nini jaji asiamue mwenyewe? Kwa sababu amekatazwa. Bodi ya Rufani za Askari wa Zamani iliwahi kuwa na madaktari miongoni mwa waamuzi wake, lakini shauri la Colvin la mwaka 1991 liliizuia kuweka maoni yake ya kitabibu mahali pa ushahidi. Basi maoni yakiwa pungufu, faili hurudishwa ili uchunguzi ufanywe upya, na askari hungoja tena. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji unaolalamikiwa huzaliwa hapo, kwenye sentensi iliyokosa neno “kwa sababu”.

Maneno ya askari na ya jamaa zake nayo ni ushahidi. Mke anaweza kueleza kwamba mumewe alirudi akichechemea. Hahitaji shahada kuliona hilo. Shauri la Buchanan la mwaka 2006 lilikataza maelezo ya namna hiyo kutupwa kwa sababu tu hayana karatasi ya hospitali ya wakati ule.

Tangu Februari 2019, aliyekataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua njia. Anaweza kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie faili lilelile, kuleta ushahidi mpya, au kwenda kwenye Bodi. Huko Bodi anaweza kuomba faili lisomwe kama lilivyo, kuongeza ushahidi, au kusikilizwa na jaji, na kusikilizwa huchukua muda mrefu zaidi. Akiendeleza shauri bila kupitisha muda, kwa kawaida tarehe ya dai la kwanza huhifadhiwa, na malipo ya nyuma huhesabiwa tangu hapo.

Bodi ikimkataa, ana siku 120 za kufika kwenye mahakama maalumu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988. Kabla ya hapo, milango ya mahakama ilikuwa karibu imefungwa kabisa kwa madai ya aina hii. Mahakama hiyo haipimi ushahidi upya. Mwezi Machi 2025, katika shauri la Bufkin, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba uamuzi wa Bodi kuhusu kulingana kwa ushahidi hautenguliwi ila kwa kosa lililo dhahiri. Kwa hiyo maoni ya daktari yanayohitajika yapatikane mapema, kabla Bodi haijafunga faili.

Wako wanaofariki wakingoja. Tangu Oktoba 2008, mjane, au mwingine anayestahili kwa mujibu wa sheria, anaweza kuomba ndani ya mwaka mmoja kushika nafasi ya marehemu na kuendeleza rufani pale ilipofikia. Marehemu hawezi tena kuchunguzwa. Daktari huletewa faili peke yake, na swali ni lilelile.