Mlolongo mfupi ulioshinda

"Demokrasia ya kweli haipo popote, ni jina tu." Kauli hii nimeisikia kwenye baraza za kahawa na kwa watu waliosoma sana. Inaniuma, kwa sababu anayeiamini hubaki nyumbani siku ya uchaguzi, na kwa kubaki nyumbani humrahisishia kazi mwizi wa kura. Tuyapime madai yanayoibeba.

Zamani, kule Athens, demokrasia ilikuwa kamili. Si kweli. Wanawake, watumwa na wageni walioishi mjini humo maisha yao yote hawakuwa na sauti katika mkutano wa raia. Enzi tunayodai tumeipoteza haikuwahi kuwapo.

Mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Inategemea sheria za nchi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8, lakini aliyeapishwa ni Trump, kwa kuwa rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo. Uingereza mwaka 2024, chama cha Labour kilipata kama theluthi moja ya kura, kikazoa viti 411 kati ya 650.

Kura ya wazi haiibiki. Si kweli, na mashahidi ni Wakenya. Mwaka 1988 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, kiliteua wagombea wake wa ubunge kwa mlolongo. Wanachama walijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake, wakahesabiwa wamesimama. Aliyefikisha asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni, bila kura ya siri. Kuna mahali watu waliuona kwa macho yao mlolongo mrefu wa mtu wao, kisha wakasikia ametangazwa wa mlolongo mfupi. Wangelalamika kwa ushahidi gani? Karatasi za kuhesabu upya hazikuwapo, na watu wakishatawanyika, mlolongo umekwisha. Tena kila aliyesimama pale alionekana na chifu, na mwajiri wake, na jirani yake. Viongozi wa makanisa waliupinga waziwazi, na mwaka 1990 chama chenyewe kikauacha. Kila nikiikumbuka habari hii naona thamani ya kale kachumba ka kupigia kura, mtu akiwa peke yake na kalamu yake.

Wengi wape. Nusu kweli. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni ya Watanzania mwaka 1991, wengi mno, karibu wanane katika kila kumi, walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Naamini tume ilifanya haki. Uhuru wa wachache kujiunga na chama wakipendacho si kitu cha wengi kuwagawia au kuwanyima.

Mahakama za Afrika hazimgusi rais. Si kweli. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa kasoro zilizohusu pia namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. Hukumu hiyo haikutibu kila kitu: mpinzani wa Kenyatta, Raila Odinga, alisusia marudio, na Kenyatta akarudi Ikulu. Lakini katika uchaguzi wa 2022 fomu za matokeo (34A) za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Malawi walifika mbali zaidi. Februari 2020 majaji waliufuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia, baada ya fomu za matokeo kukutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia. Wananchi walirudi vituoni tarehe 23 Juni mwaka huohuo, wakamwondoa rais aliyekuwa madarakani.