Ini Litakalobaki, Miaka Itakayobaki

Oktoba 2023, huko Masaka wilayani Kicukiro, jijini Kigali, Rais Paul Kagame wa Rwanda alizindua IRCAD Africa, tawi la taasisi iliyoanzishwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1994 na daktari mpasuaji Jacques Marescaux. Wengi wanaijua kwa kufundisha upasuaji wa matundu madogo, ila ilianzishwa kupambana na saratani za njia ya chakula. Mojawapo, ya utumbo mpana, ina tabia inayowasumbua wapasuaji: ikihama, mara nyingi hukimbilia ini.

Sababu ni njia ya damu. Damu itokayo utumboni hupitia ini kabla ya kufika moyoni, na chembe za saratani zilizochopoka hunasa humo. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alirudishwa nyumbani. Siku hizi, vivimbe vikiwa mahali panapofikika, hukatwa. Hapo ndipo jamaa huuliza: akishapasuliwa, ataishi?

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili yasiyofanana.

La kwanza, je, ini litakalobaki litatosha? Hili ni suala la hesabu. Ini huota tena: mwenye ini zima anaweza kubakiwa na asilimia 20 hivi akapona, aliyepata kemo kwa muda mrefu anahitaji kama 30, na mwenye ini lenye makovu 40. Kompyuta huunganisha picha za sitiskani, ikachora ini, mishipa na vivimbe vyake, na mpasuaji akapima mkato wake kwenye skrini kabla hajashika kisu. IRCAD wana miaka mingi katika kazi hiyo, na Kigali nako wana wataalamu wa kompyuta. Hata mpango wa Rwanda wa kutokomeza homa ya ini C, uliozinduliwa Desemba 2018, unaingia humu, maana ini lisilo na makovu huhimili kisu.

La pili, je, saratani itarudi? Hapa mambo ni mazito. Mwaka 1999 mpasuaji Yuman Fong na wenzake wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,001. Walitoa alama moja kwa kila jambo baya: tezi za limfu za utumboni kuwa zimeshaguswa, ugonjwa kuonekana kwenye ini kabla ya miezi 12 kupita tangu ule wa utumboni, vivimbe kuzidi kimoja, kikubwa kupita sentimita 5, na kipimo cha damu cha CEA kuvuka nanogramu 200 kwa mililita. Wenye sifuri, asilimia 60 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 5. Wenye alama zote tano, asilimia 14.

Zitazame tena namba hizo. Kati ya watu 100 wenye alama nzuri kabisa, 40 hawakufika. Kati ya 100 wenye alama mbaya kabisa, 14 walifika. Jedwali linazungumzia kundi, halimjui mtu aliyeketi mbele ya daktari. Kwa maoni yangu, kumnyima mtu upasuaji kwa alama hizo peke yake ni kulitwisha jedwali mzigo usio wake.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walileta kanuni ya Pythagoras ili kuunganisha ukubwa na idadi ya vivimbe. Kivimbe kikubwa kina sentimita 4, vivimbe viko 3: 16 jumlisha 9 ni 25, kipeuo chake cha pili ni 5. Namba ikipanda, matumaini hushuka. Wengine huongeza kipimo cha jeni ya KRAS, ambayo ikiwa imebadilika si dalili njema.

Lakini wagonjwa wa Fong walipasuliwa New York kati ya 1985 na 1998, kabla ya dawa nyingi za leo. Jedwali litakalofaa Kigali litatokana na wagonjwa wa Kigali, na sehemu ngumu ya kuliandaa si kompyuta. Ni kujua aliyerudi wilayani Nyamasheke au Nyagatare ana hali gani mwaka wa tatu, simu yake ikiwa haipatikani. Rwanda ina wahudumu wa afya ya jamii katika kila kijiji, ambao tayari hufuatilia wajawazito na malaria. Wakipewa jina moja la kuulizia kila baada ya miezi sita, jibu wanaweza kulipata kwa miguu.