Usiku Memphis Ilipomchagua Kijana wa Dar es Salaam

Wanangu, sogezeni viti. Kisa cha leo kina Mtanzania ndani yake, kina jiji la Memphis kule Marekani, na kina ubishi ambao mashabiki wa mpira wa kikapu hawajaumaliza mpaka sasa.

Kwanza mjue mambo yanavyokwenda kule. Hapa kwetu Simba wakimtaka kijana na Yanga wakamtaka huyohuyo, mwenye dau nono ndiye huondoka naye. Ligi ya NBA haiwagombanii chipukizi kwa namna hiyo. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, timu 30 hukaa kwenye foleni, na zamu ikifika timu huita jina la kijana inayemtaka. Raundi ni mbili. Waliofanya vibaya msimu uliopita huwekwa karibu na mbele ili nao wapate nguvu. Lakini ukitangaza kwamba mshika mkia atazawadiwa wa kwanza, si watu watafungwa makusudi? Ndiyo maana nafasi za mbele kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu ya vipira vyenye namba. Timu mbovu hupewa uwezekano mkubwa zaidi, ila hakuna anayehakikishiwa kitu.

Mwaka 2009 vipira hivyo vilifanya vituko. Sacramento Kings, walioshinda mechi 17 tu kati ya 82, wakajikuta namba nne. Los Angeles Clippers wakapata namba moja. Memphis Grizzlies, walioshinda mechi 24, wakapanda mpaka namba mbili.

Namba moja haikuwa na ubishi. Kila mtu alijua Clippers watamchukua Blake Griffin, kijana mwenye misuli na mruko wa ajabu kutoka Chuo Kikuu cha Oklahoma. Moto uliwaka kwenye namba mbili.

Sasa sikilizeni jinsi mashabiki wanavyobishana, maana hoja zao ni zilezile mwaka nenda mwaka rudi. Kuna wanaosema: tazama timu ina pengo wapi, ukalizibe. Wengine husema: achana na pengo, chukua mwenye kipaji kuliko wote, mengine yatajipanga yenyewe. Halafu wapo wanaomtaka kijana waliyemwona kwa macho yao akikua, nao hao usiwaambie kitu.

Memphis ilikuwa na wote hao, na kila kundi lilikuwa na mtu wake wa kumtetea. Wenye mapenzi ya nyumbani walikuwa na Tyreke Evans, aliyetoka kuchezea chuo kikuu cha palepale Memphis msimu uleule. Wenye kutafuta kipaji walikuwa na James Harden wa Arizona State, au yule mwembamba wa chuo cha Davidson, Stephen Curry, aliyeongoza vyuo vyote kwa kufunga pointi msimu ule. Wenye kutafuta ukuta chini ya kikapu walikuwa na Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Aliujua mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaucheza miaka mingi. Urefu wake ulikuwa kama meta 2.21. Akaenda kusoma Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akawa kero kwa washambuliaji. Msimu wake wa mwisho alizuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mechi, na timu yake ikafika nne bora za vyuo vya nchi nzima. Mambo hayo ni ya kweli, yaliandikwa na kuhesabiwa. Kwa hiyo msimcheke aliyemtetea.

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, David Stern, kamishna wa ligi, akapanda jukwaani. Jina la pili kuitwa likawa Hasheem Thabeet. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, na kwa mlango wa mbele! Harden akaitwa wa tatu, na Oklahoma City. Evans wa nne, na Sacramento. Curry alisubiri mpaka namba saba, na Golden State.

Yaliyofuata mnayajua, au mtayasikia. Evans alikuwa mchezaji mpya bora wa msimu ule. Harden na Curry wote wakaja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Thabeet alipata dakika chache uwanjani, na msimu wake wa kwanza haujaisha akapelekwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuza vipaji.

Hapo ndipo watu wengi hukomea. Husema Memphis walimwacha Curry, kisha hutikisa kichwa na kunywa kahawa yao. Mimi hoja hiyo siipendi. Curry aliachwa na wengi. Minnesota walikuwa na namba tano na namba sita, wakachukua wachezeshaji wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na bado hawakumgusa. Kumjua Curry leo ni rahisi. Usiku ule watu waliona mwili mwembamba na chuo kidogo.

Kosa la Memphis, kwa maoni yangu, lilikuwa karibu zaidi. Walimchukua senta, yule mrefu wa kulinda chini ya kikapu, wakati senta tayari walikuwa naye. Aliitwa Marc Gasol, Mhispania, ndiyo kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza. Huyu alikuwa ameitwa namba 48 mwaka 2007 na Los Angeles Lakers, kisha haki zake zikahamishiwa Memphis katika mabadilishano yaliyompeleka Lakers kaka yake, Pau. Tena Marc alisoma sekondari Memphis hapohapo, enzi kaka yake akiichezea Grizzlies. Mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa ligi nzima. Ukuta uliokuwa ukitafutwa ulishasimama, ila ulikuwa haujatambuliwa.

Na mfikirieni kijana wetu. Mchezaji aliyechelewa kuanza anahitaji dakika nyingi za kukosea na kujifunza. Angezipata wapi nyuma ya Gasol? Kwenye ubishi wa mashabiki hili husahaulika: timu ndiyo inayochagua, kijana hachagui. Siwezi kuapa kwamba kwingine angekuwa nyota. Naweza kusema alipelekwa mahali ambapo njia ilikuwa imezibwa na mtu mkubwa kama yeye.

Kisa kina mkia mmoja unaonifurahisha. Februari 2011 Memphis walimpeleka Thabeet Houston katika mabadilishano yaliyomrudisha Shane Battier, mkongwe waliyewahi kuwa naye. Miezi miwili baadaye, kwenye mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs, Battier alitupa mtupo wa pointi tatu sekunde za mwisho, na Memphis wakapata ushindi wao wa kwanza wa mtoano katika historia yao. Wakawang'oa Spurs waliokuwa vinara wa kanda, wao wakiwa wa nane. Basi nani atasema namba mbili ya 2009 ilipotea bure?

Juni ijayo, kabla majina hayajaanza kuitwa, chagueni timu moja, tazameni nani tayari yumo kikosini, kisha andikeni jina mnalolitaka na sababu yake. Wekeni karatasi hiyo kwa miaka mitano. Atakayekuja kuwaambia kwamba yeye alijua tangu mwanzo, mwombeni na yeye atoe yake.