Simba kazini, bubu mbele ya kipusa

NINAUZA bima. Kwa siku moja naweza kubisha milango 20 jijini Nairobi na kufungiwa 19, kisha jioni nikapanda matatu nikipiga mluzi. Nimewahi kufukuzwa langoni na askari. Mwenye duka moja la vipuri pale Kirinyaga Road aliwahi kuniambia kwamba sura yangu yenyewe inamfukuzia wateja. Nilicheka, nikamwachia kadi yangu, nikarudi wiki mbili baadaye. Leo ni mteja wangu.

Lakini kuna mwanadada mmoja ambaye kwa miezi saba nilishindwa kumwambia sentensi moja ya maana.

Tulikutana katika kikundi cha vijana wanaotembea milimani wikendi. Jumamosi hii Ngong Hills, ijayo msitu wa Karura, siku nyingine Mlima Longonot. Alikuwa na kicheko cha kusikika hadi nyuma ya msururu. Kila Jumamosi niliamka nikiwa nimepanga la kumwambia, na kila Jumamosi nilirudi Kasarani maneno yote yakiwa bado tumboni kama githeri iliyopoa. Akiniuliza kitu nilimjibu "poa", "sawa", "eeh". Yaani mimi, ambaye Ijumaa nilikuwa nimesimama mbele ya walimu 40 nikawaeleza kuhusu bima ya elimu hadi wakanipigia makofi!

Usiku niliandika ujumbe WhatsApp, nikaufuta. Nikauandika upya, nikamtumia rafiki yangu aukague. Akasema uko sawa kabisa. Nikaufuta.

Mwezi wa nane simu ikalia. Nilikuwa nimeongezwa kwenye kundi jipya: kamati ya harusi. Harusi yake. Nilituma Sh2,000 kwa M-Pesa, nikaandika "Hongera sana", nikaizima simu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baada ya harusi, siku kikundi kilipokutana tena. Aliniambia huku akicheka, bila ubaya wowote: "Wajua mwanzoni nilikuwa nakufikiria sana? Lakini wewe uliniringia. Nikajiambia huyu jamaa wa suti hana haja na watu kama sisi."

Ukimya ambao mimi niliujua kuwa woga, yeye aliusoma kuwa maringo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wenzangu kuhusu jambo hili, na nimegundua siko peke yangu. Kuna mawakili wanaonguruma kortini, madaktari wanaopasua watu bila mkono kutetemeka, na makanga wanaoweza kubishana na matatu nzima, lakini wakikaa mkabala na mtu wanayempenda, ulimi unanata. Ni kwa nini?

Kazini kuna ngao

Jibu la kwanza ni kwamba kazini hatuendi mikono mitupu. Mimi ninapobisha mlango nina beji shingoni, nina kadi, nina maneno niliyofunzwa, na nina bosi anayengoja ripoti. Mteja akisema "sitaki", ameikataa bima. Hajanikataa mimi. Kesho kuna mlango mwingine.

Kwenye deti hakuna beji. Bidhaa ni wewe mwenyewe, na akisema "la", unahisi amekutazama wote mzima, akakupima, akakuta umepungua.

Jibu la pili ni mazoezi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wiki yangu ya kwanza kazini sauti ilitetemeka hadi mteja akaniletea maji. Nilifunzwa, nikamfuata ajenti mzoefu kwa mwezi mzima, nikakosea, nikarekebishwa. Huo ujasiri mnaouona ni matokeo ya milango mingi niliyofungiwa.

Kwa mapenzi, nani alitufunza? Wengi wetu tulisoma shule za bweni za wavulana pekee au wasichana pekee. Miaka minne, na nafasi ya kuongea na jinsia nyingine ilikuwa ile siku ya funkies, mwalimu wa zamu akizunguka kuhakikisha hakuna anayemkaribia mwenzake. Nyumbani, mada hiyo haikuguswa. Halafu unafika miaka 27 na shangazi anakuuliza mbele ya ukoo wote, "Sasa sisi tutakula wali lini?"

Ongeza mambo ya siku hizi. Ukimwandikia mtu unaogopa blutiki, na zaidi ya hapo unaogopa skrinishoti: kwamba maneno uliyoandika kwa moyo yatasomwa na marafiki zake watano wakivunjika mbavu. Na kwa wanaume wengi kuna hesabu ya mfukoni. Umekaa mkahawani, yeye anasimulia, wewe unasoma menyu upande wa kulia kwenye bei. Hapo mazungumzo yatatoka wapi?

Utafiti unasema nini

Katika miaka ya sabini, mwanasaikolojia Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwauliza watu wengi kama wanajiona kuwa wenye haya. Takriban asilimia 40 walisema ndiyo, wako hivyo. Zaidi ya asilimia 80 walisema wamewahi kuwa hivyo wakati fulani maishani. Kwa hivyo unapoketi na mtu ukidhani wewe pekee ndiye unayetokwa na jasho, uwezekano ni mkubwa kwamba hata yeye anajua jasho hilo ni nini.

Mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio la kuchekesha. Waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, ambaye vijana wale waliona haya kuhusishwa naye, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wameiona picha. Ukweli ni kwamba walioiona walikuwa kama robo tu. Tunadhani tumulikwa na taa za uwanjani, kumbe watu wako bize na mambo yao. Lile doa la chai kwenye shati lako, ile sentensi uliyoikosea, yeye huenda hata hakuvitambua.

Na mwaka 2018, Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza. Waligundua kwamba kwa kawaida kila mmoja huondoka akidhani amependeza kidogo kuliko alivyompendeza mwenzake kwa kweli. Niliposoma hayo nilikumbuka Ngong Hills, nikaweka simu chini.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Albert Ellis, aliyekuja kuwa mmoja wa wanasaikolojia mashuhuri wa Marekani. Akiwa na miaka 19 aliwaogopa wasichana kupindukia. Alivyosimulia mwenyewe, alijipa kazi: kwenda katika bustani ya mimea ya Bronx, New York, kila siku kwa mwezi mmoja, na kila alipomwona mwanamke ameketi peke yake kwenye benchi, aketi na kuanza mazungumzo ndani ya dakika moja. Aliwakaribia 130. Thelathini wakainuka na kwenda zao. Mia moja wakazungumza naye. Aliyekubali kukutana naye tena alikuwa mmoja tu, na siku ikifika hakutokea.

Ungedhani aliondoka amevunjika moyo. La hasha. Aligundua kwamba hakuna aliyemdhuru, hakuna aliyeita polisi, na yeye mwenyewe hakufa. Woga ukapungua. Baadaye alijenga mbinu nzima ya tiba juu ya wazo hilo: kinachotuumiza mara nyingi ni yale tunayojiambia kuhusu kukataliwa, kuliko kukataliwa kwenyewe.

(Tafadhali usiende Uhuru Park kesho kuhesabu 130. Nyakati zimebadilika, na sababu ziko hapa chini.)

Upande wa pili wa meza

Sisi wanaume hupenda kuongea kana kwamba haya ni mzigo wetu peke yetu. Rafiki yangu mmoja wa kike, mhasibu anayewatetemesha mameneja wakati wa ukaguzi, aliniambia shida yake. Akimpenda mtu hawezi kusema, kwa kuwa tangu utotoni aliambiwa msichana hatangulii. Akitangulia ataitwa mrahisi. Asipotangulia, anangoja jamaa kama mimi, anayefuta ujumbe usiku kucha.

Kisha kuna hofu nyingine ambayo si haya. Januari 27, 2024, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine nchini kupinga mauaji ya wanawake. Baadhi ya waliouawa wakati huo walikuwa wasichana waliokwenda kukutana na wanaume katika nyumba za kukodi za muda mfupi. Kwa hivyo, wakati wewe unaogopa kuchekwa, yeye huenda anawaza kama atarudi nyumbani salama, na ameshamtumia rafiki yake lokesheni.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yananyooka. Chagua mahali pa wazi, mchana, penye watu. Usimlazimishe umchukue kwake. Akisema anataka kuondoka, aondoke. Na akisema hapana, hilo ndilo jibu. Ujasiri ni kuuliza mara moja kwa heshima. Kumsumbua mtu aliyekwisha kukujibu ni jambo lingine kabisa. Kama ni mfanyakazi mwenzako, kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini.

Nilipojaribu tena

Mwaka uliofuata nilipata mwaliko wa chai na mwanadada niliyekutana naye kwenye sherehe ya rafiki. Nikaamua safari hii nitaleta nguvu zangu za kazini. Tulipoketi tu nikaanza: elimu yangu, mipango yangu ya miaka mitano, ploti ninayolipia kidogo kidogo kule Kamulu. Dakika 30 bila kituo. Nilipotua kupumua, aliniangalia akatabasamu: "Sawa. Sasa nisaini wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Badala yake nikajikuta nimesema ukweli: "Kusema kweli, naogopa. Nikiogopa nauza."

Akacheka hadi machozi. "Hata mimi," akasema. "Nimebadilisha nguo mara tatu, na nimefika hapa nusu saa mapema nikazunguka duka la vitabu."

Mazungumzo yetu yalianzia hapo. Na hilo ndilo somo la kwanza ninaloweza kukupa: kutaja woga wako kwa sentensi moja fupi huupunguza kuliko kuuficha kwa saa mbili.

La pili, anza na madogo. Msalimie jirani wa ngazi ya juu kwa jina. Piga stori na mama mboga kuhusu bei ya sukuma. Mtu ambaye hajazoea kuongea na yeyote nje ya kazi hawezi kutarajia muujiza siku atakapokutana na moyo wake.

La tatu, uliza kisha usikilize. Hii ndiyo sehemu ya kazi yangu niliyopaswa kuja nayo, badala ya ile ya kuuza. Ajenti mzuri husikiliza zaidi ya anavyosema.

La nne, usitafute ujasiri kwenye chupa. Anayezungumza baada ya bia nne si wewe, na kesho wewe ndiye utakayelazimika kuendeleza alichoanza.

La tano, sema mapema. Miezi saba ya kimya haikuongeza hata chembe ya ujasiri wangu. Iliongeza tu bei ya kukataliwa. "Ningependa tunywe chai siku moja, mimi na wewe" ni maneno machache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na kama hali yako imepita haya ya kawaida, kama moyo unakupiga hata kula mbele za watu, kama unakwepa mahojiano ya kazi, masomo au harusi za ndugu kwa miezi na miezi, huo huenda ni wasiwasi unaohitaji msaada. Unatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua. Vyuo vikuu vingi vina ofisi za ushauri nasaha, na hakuna aibu kubisha mlango huo.

Mtauliza iliishaje na yule mwanadada wa chai. Tulionana mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, kwa upole, kwamba amefurahia lakini haoni tukiendelea. Nilimshukuru kwa kuniambia wazi, nikamsindikiza hadi steji.

Usiku ule sikulala vizuri, sitawadanganya. Lakini Jumatatu nilikuwa Kirinyaga Road nikibisha milango, na nilipofika wa tatu nikagundua kitu. Ile "la" ya miezi saba, ambayo sikuwahi kuambiwa, ilikuwa bado inaniuma. Hii niliyoambiwa ilikuwa imeanza kupoa.