Zumari ya kiriba: anachokiona mtoto kwenye filamu sicho anachokisikia

Ni Jumamosi usiku, taarifa ya habari imekwisha na filamu imeanza. Kwenye skrini anatokea mwanamume aliyevaa sketi ya mirabaraba. Amebana mfuko kwapani, bomba moja liko mdomoni, mengine matatu yameegemea begani. Mtoto wa miaka saba anauliza, "Yule anapuliza nini?" Wa miaka kumi na miwili anaicheka ile sketi. Mara nyingi mzazi hujibu, "Ni mambo ya Wazungu hayo," na mazungumzo yanaishia hapo.

Ni hasara, kwa sababu chombo kile kina mengi ya kumweleza mtoto, na baadhi yake yako karibu na nyumbani kuliko watu wanavyodhani.

Waingereza hukiita bagpipe. Waarabu hukiita qirba, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani, maana ndilo neno lililozaa kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Basi tukikiita zumari ya kiriba hatutakuwa tumekosea. Aliyewahi kumtazama mpiga zumari wa Lamu au Unguja akiwa kazini anakumbuka mashavu yalivyovimba. Mpigaji huhifadhi hewa mashavuni na kuisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, ili sauti isikatike. Mskoti kazi hiyo ameupa mfuko. Anaujaza pumzi, anaubana kwa mkono, na hata akitoa mdomo kidogo kupumua, sauti inaendelea.

Hilo ndilo linaloipa zumari ya Uskoti tabia yake. Haijui kunyamaza katikati ya wimbo, na haijui kupiga kwa upole wala kwa kishindo, bali nguvu yake ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Ina noti tisa tu. Mpigaji akitaka kurudia noti moja mara mbili, hana njia ya kutua kati yake, hivyo huchomeka vinoti vidogo vya haraka ili sikio lijue moja imeisha na nyingine imeanza. Na ina sauti kubwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja, si sebule.

Si mali ya Waskoti peke yao. Kwenye Ghuba, kuanzia Kuwait na Bahrain hadi pwani ya kusini ya Iran, kuna zumari ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwenye ngoma za watu wa baharini. Oman nako wako wapigaji wa kikosi cha kifalme wanaopiga zumari ya Kiskoti wakiwa juu ya ngamia, mabaki ya ukaribu wa miaka mingi na maofisa wa Kiingereza. Mwenye ndugu Muskat huenda ameshatumiwa video yao.

Turudi kwenye filamu, kwa sababu huko ndiko wengi wanakokutana na chombo hiki, na huko ndiko wanakodanganywa kidogo.

Chukua Braveheart ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Mel Gibson, ambayo imeonyeshwa na vituo vya televisheni mara zisizo na hesabu. Mapema kwenye filamu, baada ya mazishi ya baba yake, William Wallace akiwa bado mtoto anasimama usiku kutazama wanaume wakipiga zumari. Jicho linaona zumari kubwa za Uskoti zinazopulizwa kwa mdomo. Sikio linapata kitu kingine kabisa: sauti laini, inayopanda na kushuka kama mtu anayelia kwa staha. Hiyo ni zumari ya Ireland, uilleann, jina litokanalo na neno la Kiayalandi la kiwiko. Haipulizwi kwa mdomo hata kidogo. Mpigaji hukaa kitini na kupampu mvukuto kwa kiwiko, kama mhunzi anavyochochea moto. Mtunzi wa muziki, James Horner, aliitaka kwa sababu sauti yake inakubali kukaa pamoja na vinanda na fidla bila kuzimeza. Aliyeipiga ni Eric Rigler, Mmarekani. Ukiongeza kwamba sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Ireland, na wanajeshi wengi wa "Uskoti" mle ndani walikuwa askari wa akiba wa Ireland, Uskoti yenyewe inabaki kidogo.

Hapo pana mchezo mzuri wa kucheza na watoto. Kila anapotokea mpiga zumari, mtoto aangalie mdomo na mashavu, kisha afumbe macho asikilize. Kama mtu anapuliza lakini sauti ni ya upole, amebaini hila. Mtoto akishabaini moja, hatakubali tena kila anachoonyeshwa kwenye skrini, na hiyo ni faida hata kwa yale anayoyatazama kwenye simu yako.

Horner na Rigler walirudi pamoja kwenye Titanic ya mwaka 1997. Safari hii zumari ya Ireland ilikuwa na haki ya kuwepo. Meli halisi ilipoondoka Queenstown, Ireland, tarehe 11 Aprili 1912, abiria mmoja wa daraja la tatu aitwaye Eugene Daly alikuwa na zumari yake na aliipiga wakiiaga nchi. Alinusurika. Zumari haikunusurika, na baadaye aliidai fidia ya dola 50.

Filamu inayostahili usiku mzima ni ya zamani zaidi: The Longest Day ya mwaka 1962. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe na ina urefu wa karibu saa tatu, kwa hiyo watoto wadogo watalala njiani. Inaeleza siku moja, tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya washirika yalipotua Normandy kuikomboa Ufaransa. Kwenye ufukwe uliopewa jina la Sword anaonekana askari akishuka majini akipiga zumari huku risasi zikiruka. Watu hucheka, na kwenye filamu inachekesha kweli.

Mtu huyo alikuwepo. Aliitwa Bill Millin na alikuwa na miaka 21. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapiga zumari wengi mno waliuawa kwa kutangulia mbele ya wenzao bila silaha, na jeshi la Uingereza likawa limewazuia kupiga kwenye mstari wa mbele. Kamanda wake, Lord Lovat, alimwambia kwamba amri hiyo ni ya Waingereza wa London, na wao wawili ni Waskoti. Millin akashuka majini akiwa na sketi ambayo baba yake aliivaa katika vita ya kwanza. Silaha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa kisu kidogo kwenye soksi. Alipiga wimbo mmoja akitoka majini, kisha akaambiwa apige mwingine, akatembea huku na huko ufukweni akipiga, na wenzake wakianguka kandokando yake. Wajerumani waliotekwa walieleza baadaye kwa nini hawakumlenga: walidhani ana wazimu.

Filamu inatoa ucheshi na ushujaa, kisha inasonga mbele. Haikuwa na nafasi ya kumwonyesha Millin aliyerudi nyumbani, akasomea uuguzi, na kwa miaka mingi akahudumia wagonjwa wa akili kusini magharibi mwa Uingereza. Wengi husema alijiigiza mwenyewe kwenye filamu hiyo. Si kweli. Aliyemwigiza ni Leslie de Laspee, ambaye alikuwa mpiga zumari wa mama yake Malkia Elizabeth. Ajabu ni kwamba mwigizaji mwingine, Richard Todd, aliyecheza nafasi ya ofisa anayelinda daraja hadi zumari ya Millin iliposikika ikija, alikuwa mwenyewe askari wa miavuli aliyepigana kwenye daraja lile lile siku ile ile. Lovat alipofariki mwaka 1995, Millin alikwenda kumpigia kwenye mazishi. Yeye alifariki mwaka 2010, na miaka mitatu baadaye sanamu yake ikasimamishwa Colleville-Montgomery, karibu na ufukwe ule.

Kama mtoto mkubwa ataitazama filamu hii, pale panapochekesha ndipo pa kusimamisha kidogo na kumwambia umri wa yule kijana. Miaka 21 ni umri wa kaka aliyeko chuo.

Kabla ya Millin alikuwepo Daniel Laidlaw. Tarehe 25 Septemba 1915, huko Loos, Ufaransa, kikosi chake kilikuwa kimezubaishwa na gesi ya sumu na mizinga. Laidlaw alipanda juu ya handaki, akatembea mbele yao akipiga zumari hadi wakatoka kushambulia, na akaendelea kupiga hata baada ya kujeruhiwa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mwaka 1928 ilitengenezwa filamu ya The Guns of Loos, naye akaitwa kuigiza kitendo chake mwenyewe. Ilikuwa filamu bubu. Mtu aliyewainua wenzake kwa sauti alirekodiwa akipiga, na sauti haipo. Alifariki mwaka 1950, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina.

Kwa familia zinazopenda safari za angani, ipo Star Trek II ya mwaka 1982. Spock amekufa, jeneza limewekwa katikati ya wafanyakazi wa chombo, na fundi mitambo Scotty anapiga zumari wimbo wa "Amazing Grace", ambao waumini wa makanisa mengi ya Afrika Mashariki wanaujua kwa Kiswahili. Zumari inaanza peke yake, kisha okestra nzima inaipokea. Mtoto anaweza kulia hapo, na hakuna ubaya. James Doohan aliyemwigiza Scotty hakuwa Mskoti bali Mkanada, na tarehe 6 Juni 1944 yeye pia alitua Normandy, kwenye ufukwe wa Juno, jirani na ule wa Millin. Usiku huo mlinzi wa upande wake mwenyewe alimpiga risasi kwa hofu. Moja ilizuiwa na kijaluba cha sigara kifuani. Nyingine ilimkata kidole cha kati cha mkono wa kulia, na katika miaka yote ya Star Trek alijitahidi kuficha mkono huo.

Tangu hapo zumari na mazishi ni kama pete na kidole kwenye filamu za Marekani, ingawa si wabunifu wa Hollywood walioanzisha. Wahamiaji wa Ireland walijaa kwenye polisi na zimamoto za miji ya huko, wakaenda na zumari zao. Baada ya Septemba 11, 2001, wazimamoto 343 wa New York walipokufa, wapiga zumari wa idara hiyo walikwenda mazishi baada ya mazishi kwa miezi. Na tarehe 19 Septemba 2022, dunia ikitazama moja kwa moja kutoka Westminster, mazishi ya Malkia Elizabeth yalifungwa na Paul Burns, mpiga zumari wake, ambaye aligeuka na kuondoka huku akipiga hadi sauti ikafifia. Kwa kuwa zumari hiyo haiwezi kupigwa polepole, njia pekee ya kuipunguza sauti ni mpigaji kutembea aende zake.

Kuna moja ya kwetu pia, lakini si ya watoto. The Last King of Scotland ya mwaka 2006 ilipigwa Uganda na inamhusu Idi Amin, aliyewahi kutumikia chini ya maofisa wa Kiskoti katika jeshi la kikoloni na akaipenda Uskoti kupita kiasi. Ina ukatili mwingi. Iwekeni wakishalala.

Kwa walio chini ya miaka kumi, anzeni na Brave ya mwaka 2012, katuni ya binti wa mfalme anayegombana na mama yake. Muziki wake umetungwa na Patrick Doyle, Mskoti wa kuzaliwa, na kwa mara moja zumari unazozisikia zinatoka mahali pake.

Na kama baada ya yote haya mwanao atasema anataka kujifunza, usiogope majirani bado. Hata huko Uskoti mwanafunzi hapewi mfuko. Hupewa kwanza kibomba chembamba cha mazoezi, chenye sauti ndogo ya kama nyuki, na hukaa nacho kwa miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kugusa zumari yenyewe.