Cyberpunk 2077 yaingia mkononi: mchezo uliolemea PlayStation 4 sasa wachezwa kwenye Switch 2

Mwaka 2020, mchezo wa video Cyberpunk 2077 ulilemea mashine za sebuleni hadi kampuni ya Sony ikauondoa kwenye duka lake la mtandaoni. Tangu tarehe 5 Juni 2025, mchezo huo huo, pamoja na sehemu yake ya nyongeza Phantom Liberty, unachezwa kwenye Nintendo Switch 2, mashine ya kushika mkononi inayotumia batri. Kila anayeuwasha anajiuliza jambo moja kwanza: je, unaenda kweli, ama ni yale yale ya PlayStation 4?

Unaenda. Kasoro zipo, na zingine zinaonekana haraka, lakini unaenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linashangaza, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kampuni ya CD Projekt Red, yenye makao yake Warsaw nchini Poland, iliahirisha mchezo huo mara tatu katika mwaka mmoja kabla ya kuutoa tarehe 10 Disemba 2020. Watu zaidi ya milioni 8 walikuwa tayari wameununua kabla ya siku hiyo. Wenye kompyuta zenye nguvu waliona mji mkubwa wenye kung'aa. Wenye PlayStation 4 na Xbox One waliona mengine: sura za watu zenye ukungu, magari yanayotokea ghafla barabarani, wapita njia wanaopotea mbele ya macho, na mchezo unaozimika wenyewe. Siku nane tu baadaye Sony iliuondoa dukani na kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Ulirudi tarehe 21 Juni 2021.

Mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, Marcin Iwiński, aliomba radhi kwa video mnamo Januari 2021 na kueleza chanzo. Mji wa Night City hauingii wote katika kumbukumbu ya mashine. Mchezaji anapotembea ama kuendesha gari, mashine inabidi isome mtaa unaofuata kutoka kwenye diski na kuusahau ule ulioachwa nyuma, bila kusimama. Diski za mashine za zamani zilikuwa polepole, na mtaa ulichelewa kufika. Ndiyo maana Phantom Liberty ilipotoka Septemba 2023, PlayStation 4 haikupewa kabisa.

Switch 2 haina tatizo hilo la diski. Haina diski inayozunguka ndani; ghala lake la giga 256 husomwa kwa kasi, na kumbukumbu yake ni giga 12, wakati PlayStation 4 ilikuwa na 8. Kinachoipungukia ni nguvu ya kuchora picha, kwani mashine inayoshikwa mkononi haiwezi kula umeme kama ile iliyochomekwa ukutani. Hapo inasaidiwa na ufundi wa kampuni ya Marekani Nvidia, iliyotengeneza chipu yake: mchezo unachora picha ndogo, kisha akili bandia inaikuza na kujaza yanayokosekana. Kwenye televisheni kubwa jicho kali litaona ukungu kidogo pembezoni mwa nywele, kwenye waya za umeme, kwenye mvua. Kwenye kioo cha inchi 7.9 kilichoko mbele ya uso, mengi ya hayo yanapotea.

Mchezaji anachagua kati ya namna mbili. Ya kwanza inatanguliza uzuri wa picha, na inatoa picha 30 kwa sekunde. Ya pili inatanguliza kasi, inapunguza ukali wa picha, na inalenga picha 40 kwa sekunde. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kidole kinaijua. Katika mapambano ya risasi ndani ya chumba, ambapo adui anatokea nyuma ya mlango na mchezaji ana nusu sekunde ya kugeuka, ya pili ndiyo ya kuchagua. Ya kwanza inafaa zaidi kwa kutembea usiku katika mitaa ya taa za rangi na kuangalia tu, na mchezo huu una mengi ya kuangalia.

Pale panapouma ni Dogtown, mtaa uliozungushiwa kuta ambako hadithi ya Phantom Liberty inatokea, ile yenye mwigizaji Idris Elba. Watu ni wengi, majengo yamebanana, na kasi inashuka, hasa mtu akiwa ndani ya gari. Mchezo hausimami na haukatiki kama mwaka 2020, ila mkono unasikia uzito. Pia wapita njia ni wachache kuliko kwenye PlayStation 5, na vioo na madimbwi ya maji havirudishi mwanga kwa usahihi ule ule. Anayetoka kwenye kompyuta ya bei kubwa atayaona yote mawili. Anayekutana na Night City kwa mara ya kwanza hatajua alichokosa.

Maneti, yaani vishikio viwili vya pembeni, vimeleta kitu ambacho sebuleni hakikuwepo. Mchezaji anaweza kulenga bunduki kwa kuinamisha mashine kidogo kushoto ama kulia, na baada ya dakika chache za kuchanganyikiwa mkono unazoea. Akichomoa maneti, anaweza kurusha mkono hewani ili kupiga panga, ama kulaza kimoja juu ya meza na kukitumia kama panya wa kompyuta. Upanga wa hewani unachekesha kwa robo saa, kisha unachosha. Kulenga kwa kuinamisha ndiko kutakaobaki. Maandishi ya menyu, kwa upande mwingine, ni madogo kwa kioo cha saizi hii, na anayevaa miwani atayalalamikia.

Lakini kwa msomaji wa mashariki mwa Congo, habari kubwa huenda ipo ndani ya boksi. Michezo mingi ya makampuni mengine iliyotoka siku moja na Switch 2, kama Street Fighter 6, inauzwa na kaseti ambayo ndani haina mchezo: ni ufunguo tu. Mnunuzi anaichomeka, kisha anatakiwa kupakua makumi ya giga kwa intaneti. Kwa anayenunua mega kidogo kidogo kwenye simu, kaseti ya namna hiyo ni boksi tupu. CD Projekt Red iliweka mchezo wote, pamoja na Phantom Liberty, kwenye kaseti ya giga 64. Unachomeka, unacheza. Marekebisho ya baadaye yatahitaji intaneti, ila hadithi nzima iko pale, hata mtandao ukikatika wiki nzima. Na kwa kuwa mchezo wote uko ndani yake, kaseti hiyo inaweza kuuzwa, kuazimwa ama kupewa ndugu. Katika Goma na Bukavu, ambako benki nyingi zilifunga milango tangu M23 ilipotwaa miji hiyo mwezi Januari na Februari 2025, mtu asiyeweza kulipa kwa kadi mtandaoni anaelewa mara moja thamani ya kitu kinachopita kutoka mkono hadi mkono.

Batri ni hadithi nyingine. Nintendo yenyewe inasema kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kulingana na mchezo, na mchezo mzito kama huu uko upande wa saa 2. Umeme ukikatika saa moja jioni, mchezaji hatafika saa nne.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayasemi. Kondensa ndogo za tantali, zinazotunza umeme ndani ya vifaa vingi vya namna hii, zinatokana na koltani, na kwa mjibu wa Umoja wa Mataifa machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yanatoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Hakuna anayeweza kufungua mashine na kusema punje ipi ilitoka kwenye kilima gani. Hata hivyo, mchezo wenyewe unahusu mji unaomilikiwa na makampuni makubwa yenye majeshi yao, na mchezaji wa Kivu hatahitaji kufafanuliwa sana.

Bei si ya mchezo. Nchini Marekani mwaka 2025 mashine iliuzwa dola 450 na Cyberpunk 2077 dola 70, kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo yeyote atakayeileta hapa ataiuza zaidi. Wazazi nao wajue kwamba boksi lina alama ya miaka 18, na haikuwekwa kwa mapambo: damu, ngono na madawa ya kulevya vimo tangu saa ya kwanza. Mwenye mchezo huu tayari kwenye kompyuta ama mashine nyingine anaweza kuhamisha alipofikia na kuendelea kwenye Switch 2 bila kuanza upya.

Anayeanza leo afungue kwanza mipangilio: achague namna ya kasi, aongeze ukubwa wa maandishi ya mazungumzo, awashe kulenga kwa kuinamisha. Na asiingie Dogtown kabla ya kuchaji.