Shimo la Sotik na Amana ya Waliotangulia



Tulipokwenda Kericho kuwajulia hali jamaa zetu, tuliteremka hadi Sotik, Kaunti ya Bomet. Mwenyeji wetu, mama mjane, alikuwa akijenga chumba cha wanawe kando ya shamba la majani chai. Mafundi walipochimba msingi, walifikia udongo mweusi, mlaini, wenye majivu, mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu. Fundi alitaka kuendelea, kwani siku ikipita na ujira wake umepita. Mama akasema: "Ngojeni kwanza. Hivi vina wenyewe." Akawalipa siku yao, nao wakaweka majembe chini.

Alama kama hizo ni za Wasirikwa, wafugaji waliokaa nyanda hizi za juu tangu takriban mwaka 1200. Mahali paitwapo Chemagel, karibu na Sotik, palichunguzwa na mtaalamu John Sutton katika miaka ya 1960. Waliotangulia kuyaona mashimo yao walidhani ni nyumba za chini ya ardhi. Uchimbaji ukaonyesha kuwa ni mazizi: ng'ombe walilala shimoni, nyumba zikaambatishwa ubavuni, na samadi ikatupwa nje ya mlango hata ikawa kichuguu.

Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Ngomeni, Mombasa, Wareno walijenga ngome yao kati ya 1593 na 1596, wakachonga handaki katika mwamba wa matumbawe. James Kirkman alianza kuchimba humo mwaka 1958. Handaki au shimo likifukiwa halifutiki. Udongo wa kujazia hutofautiana na ule wa asili kwa rangi na ulaini. Ndiyo maana mtaalamu husimama kando ya wachimbaji, akitazama kila tabaka, akipima, akipiga picha na kuandika, kabla jembe halijapita. Tabaka likishavurugwa halirudi, hata vigae vyote vikiokotwa.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka anayegundua kitu cha kale aijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Wengi huogopa kunyang'anywa shamba, wakafukia kimya kimya. Hofu hiyo twaielewa, lakini kufukia ni kuficha ushahidi wa watu wasioweza tena kujisemea.

Kina mama, ninyi ndio mnaosimamia nyumba wakati waume wako kazini. Choo kinapochimbwa, au kisima, au msingi, tazameni udongo unaotoka. Mkiona kisicho cha kawaida, simamisheni kazi, msikiondoe mahali pake, toeni habari. Qur'ani Tukufu yatuhimiza tutembee katika ardhi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Tutazingatia nini, ikiwa athari zao tumezitia sementi?

Yule mama alikwenda kutoa habari kesho yake. Chumba kilichelewa, amana haikupotea.

Wabillahi tawfiq.